Mwanamke Aliyepima Tochi Ndani ya Kiondo

Jumanne, tarehe 10 Novemba 1998, Mbinya wa Nzau aliitwa mwizi mbele ya safu nzima ya mafundi wa soko la Tala, akanyang'anywa meza aliyoifanyia kazi kwa miaka kumi na mitatu. Ushahidi uliotumika ulikuwa mfuko wa tochi kumi na mbili ambazo hakuna mtu aliyejisumbua kufungua hata moja. Ninaliandika jambo hili kwa sababu nimewasikia watu wenye shahada kama yangu wakilisimulia kama kichekesho cha sokoni, nami nimechoka kusikia vicheko vyao. Mtu asiye na mshahara wala shamba la kutosha ana mtaji mmoja, nao ni kuaminiwa na vitu vya watu. Ukimwondolea huo kwa neno moja, umemkata mikono.

Alizaliwa Matungulu mwaka 1954, mtoto wa tatu katika nyumba ya wakulima wa kahawa. Alisoma hadi darasa la saba, akaolewa na Nzau, mkulima mpole anayeweza kumaliza juma zima bila kusema sentensi tatu zilizofuatana. Kama wanawake wengi wa rika lake, Mbinya alisuka vyondo. Alisokota nyuzi za katani pajani hadi ngozi ya paja ikawa laini kama karatasi, na siku za soko aliviuza barazani pa duka la vyuma la Mburu, mfanyabiashara aliyehamia Tala kutoka upande wa Kiambu. Kando yake kwenye baraza hilo palikuwa na meza ya mjomba wake, Bartholomew, fundi wa redio na tochi.

Tochi ina taabu ambayo baiskeli na saa hazina. Hutengenezwa mchana, na mchana wa Tala ni mweupe kiasi kwamba mwanga wa betri mbili huwezi kujua kama upo au haupo. Mafundi wengine hufunika kioo kwa kiganja, wakachungulia katikati ya vidole, wakakisia. Bartholomew alikuwa akiazima kiondo cha mpwa wake, chenye msuko wa kubana usiopitisha hata punje ya mtama, akatumbukiza tochi humo na kufuatisha uso wake. Siku moja ya mwaka 1985 alimwita mteja athibitishe, mteja akachungulia akasema inawaka vizuri. Mbinya, aliyekuwa amechungulia kabla yake, akasema inawaka lakini katikati ya mwanga kuna doa la kivuli. Akaongeza kwamba bila shaka kile kikombe cha ndani kinachorudisha mwanga kimelegea. Mjomba akaifungua. Kikombe kilikuwa kimelegea.

"Macho haya yanapotelea kwa katani," Bartholomew akasema, na kuanzia juma lililofuata akamweka kando yake.

Alijifunza upesi. Alijua kukwangua kutu kwa msasa bila kuharibu mpako wa chini, kuchomelea waya kwa risasi kidogo kuliko mjomba wake, na kusikiliza swichi kwa sikio kabla ya kuilaumu. Lakini alileta pia mambo yake mwenyewe. Kila tochi aliyoifunga aliitilia pete ya uzi wa katani, aliousokota mwenyewe, ili betri zisicheze ndani mtu anapotembea. Tena alisuka kiondo maalumu cha kazi, kirefu, cheusi, kisicho na pambo, na akaweka sharti kwamba hapokei malipo kabla mwenye tochi hajaingiza uso wake na kuona. Waliopita huku wakiona mtu mzima na suti yake amezama kiondoni hadi masikioni walimuuliza kama pumba zina chumvi ya kutosha, kwa kuwa alionekana hasa kama punda analishwa. Wateja walivumilia utani huo kwa sababu walikwenda nyumbani wakijua wamebeba nini.

Alipomrudishia mtu tochi alikuwa na wosia mmoja, hakuuacha hata siku moja: betri, ambazo kwetu huitwa mawe, zikichoka zisitupwe. Zianikwe juu ya mabati siku mbili, zitaamka. Wosia huo ulikuwa wa kweli kwa kiasi chake, kwani betri za kawaida zikipata joto hufufuka kwa muda mfupi. Na ulipokelewa kwa urahisi kwa watu ambao paa la mabati ndilo ghala lao la pili. Tunaanika mahindi huko juu, tunaanika ndengu, tunaanika majani ya kunde. Kwa nini tusianike na mawe?

Bartholomew alifariki mwaka 1995. Meza ilibaki kwa Mbinya kama chungu kinavyobaki kwa aliyekuwa akikipikia. Hakuna aliyewaza kuhusu daftari la kamati ya wenye meza, ambamo jina lililoandikwa liliendelea kuwa la marehemu.

Mwaka 1998 kampuni moja kutoka Nairobi iliweka kambi karibu na Kilimambogo, ya kulaza watu katika mahema na kuwapandisha mlimani. Mtunza vifaa wao alikuwa Urbanus, mwenyeji wa Matungulu, baba wa watoto wanne, mtu wa miaka thelathini na kitu. Mwezi wa Agosti alifika kwa Mbinya na mfuko wa turubai wenye tochi kumi na mbili za aina ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona. Zilikuwa za alumini nyeusi, fupi kuliko kiganja, zenye pete za mpira za kuzuia maji, na ukizungusha kichwa chake mwanga unajikusanya au kutawanyika. Sisi tulizoea tochi ndefu za bati za betri tatu kubwa, zinazofaa pia kufukuzia mbwa. Watu walikusanyika kuzigusa. Mzee mmoja aliuliza kama ni za madaktari wa meno.

Vumbi jekundu la barabara lilikuwa limejaa kwenye nyuzi za vifuniko, na swichi zilikuwa zimekwama. Mbinya alizifanyia kazi siku nne. Meneja wa kambi alikuwa ametuma betri mpya ndani ya pakiti. Akazitia, akaweka pete zake za katani, kisha akazipima zote kumi na mbili kiondoni, moja moja, Urbanus akichungulia baada yake. Zote ziliwaka bila doa. Akamkabidhi mfuko, na pamoja na mfuko akamkabidhi wosia wake wa mabati, kama alivyowapa wote.

Miezi mitatu baadaye meneja alikuja mwenyewe kwa gari, amebeba mfuko uleule. Hakwenda kwa Mbinya. Alikwenda kwanza kwa Mwangangi, mwenyekiti wa kamati, muuzaji wa makufuli na bawaba, na wote wawili wakaja barazani wakiwa tayari wamekubaliana. Meneja alieleza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye safu ya nyanya kwamba tochi tatu zilizimika njiani mlimani, mgeni akaanguka na kuteguka mguu, na zilizosalia haziwaki kabisa. Alisema tochi za namna hiyo haziharibiki hovyo. Maana yake ilikuwa moja: fundi alitoa springi na balbu za asili akaziuza, akatia takataka.

Mbinya aliomba apewe moja aifungue mbele yao. Meneja akauvuta mfuko nyuma, akasema mikono hiyo haitagusa mali yake tena.

Mwangangi hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mkatili angalau hujulikana. Alikuwa mtu wa kutaka mambo yatulie. "Mama Kamanthe," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza, "hawa ni wageni. Wakienda kusema Tala kuna mwizi, hatutawaona tena."

"Mwizi ni nani?" akauliza Mbinya.

Mwangangi alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya mafundi hadi meza ya kumi na moja. "Meza ni ya Bartholomew, na Bartholomew tulimzika. Kwa daftari, wewe hauko."

Hivyo ndivyo mwanamke aliyeketi mahali pamoja kwa miaka kumi na mitatu alivyoambiwa kwamba hakuwahi kuwapo. Alikusanya msasa, jiko la kuchomelea na chupa ya skrubu, akavitia katika kile kiondo cheusi, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko siku yenyewe. Wenye tochi zilizobaki kwake walianza kufika nyumbani kuzichukua. Walikuja na adabu zote, wakasalimia, wakaulizia mbuzi, wakanywa uji. Wanza, mkunga wa kijiji, ambaye tochi yake Mbinya aliitunza bila malipo kwa miaka saba, aliichukua, akatoka hadi kwenye ua, na huko, akidhani haonekani, akafungua kifuniko cha nyuma kuhakikisha betri zote mbili zimo. Mbinya alimwona kupitia dirisha. Alinisimulia jambo hilo miaka mingi baadaye, na sauti yake ilibadilika alipofika hapo, si alipofika kwa Mwangangi.

Alirudi kusuka. Nzau, kwa ufupi wake, alimwambia soko ni la watu na katani ni ya Mungu. Lakini vyondo havikutoka kama zamani. Alisuka, akafumua, akasuka tena.

Katikati ya Desemba, mchana mmoja wa mawingu, Urbanus alifika. Alitoa mfukoni mojawapo ya tochi zile, iliyokuwa imetupwa kambini kama taka, akasema ameileta ili mama aone mwenyewe kama kweli ilichezewa. Kifuniko hakikuzunguka. Mbinya akaitia katika maji ya moto, akaifunga kwa kitambaa, akaigongagonga kwa ubao taratibu hadi ikaachia. Ndani mlikuwa na unga mweupe. Springi ilikuwa imeliwa, imebaki kama unywele. Betri moja ilikuwa imevimba na kupasuka ubavuni. Pete ya katani ilikuwa mahali pake.

Akaitazama ile betri nyingine. Karatasi yake ilikuwa nyekundu upande mmoja. Upande wa pili rangi ilikuwa imepauka, imekuwa ya waridi iliyofifia, kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba mwezi mzima.

"Ulizianika," akasema.

Urbanus akatazama chini. "Si ni wewe ulituambia, mwaitu?" akauliza, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

Akaeleza kila kitu, kwa kuwa sasa hapakuwa na la kuficha. Betri mpya zilikuwapo kambini, lakini meneja alizifungia sandukuni akasema zile zilizomo zitamaliza msimu. Tangu Septemba zilikuwa zimechoka. Kila asubuhi Urbanus alizitoa akazipanga juu ya mabati ya stoo, na kila jioni akazirudisha zikiwa na uhai wa saa moja. Alifanya hivyo majuma manane, na betri iliyochoka ikichomwa na jua mara kwa mara hupasuka na kuvuja. Katika tochi za bati za kwetu betri ikivuja hutoa majimaji yake nje, ukayafuta, springi nene ikaendelea. Katika hizi zilizozibwa kwa mpira hapakuwa na njia ya kutokea. Sumu ilibaki ndani ikala kila ilichokuta.

"Nikisema ni mimi, kesho siko na kazi," Urbanus akasema. "Niko na watoto wanne. Lakini pia siwezi kulala nikijua wewe unaitwa vile."

"Nenda nyumbani," Mbinya akamjibu. "Jina lako halitatoka kwa mdomo wangu."

Alipoondoka, Mbinya alikaa na ile betri mkononi. Sasa alikuwa na ushahidi wa kumrudishia jina lake, na ushahidi huo ulikuwa na ncha mbili. Akimtaja Urbanus, angepona kwa kumvunja mtu aliyemtii. Asipomtaja, ingebidi aeleze betri zilianikwa kwa mafundisho ya nani, na fundi anayesimama sokoni kusema kwamba kwa miaka kumi na mitatu amewafundisha watu vibaya anaweza kupata meza yake na kukosa wateja. Ninawajua maprofesa ambao wasingekubali nusu ya hilo katika chumba chenye watu watano.

Siku mbili baadaye alikwenda kwa Mburu, akamwambia anataka mfuko ufunguliwe mbele ya watu. Mburu hakumpa ushauri. Alivuka barabara hadi kwa Mwangangi, akasema maneno machache ambayo wafanyakazi wake wote waliyasikia: "Daftari ni lenu, lakini baraza ni langu. Hapo hakai fundi mwingine hadi huo mfuko ufunguliwe." Mwangangi alikuwa tayari amemwahidi shemeji yake meza hiyo, kwa hiyo, ili mambo yatulie, akalazimika kuitisha kikao.

Kikao kilikuwa Jumanne, tarehe 19 Januari 1999. Meneja alikuja na mfuko wake, akitazama saa. Mbinya alisimama upande wa pili wa meza ambayo haikuwa yake tena, akafungua tochi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila moja ilitoa pete ya katani na unga mweupe. Mburu akamwomba meneja atoe tochi yake mwenyewe, iliyochungulia mfukoni mwa shati, mpya, ya aina ileile. Akaitoa shingo upande. Springi yake ikawekwa kando ya springi zilizoliwa: mikunjo ilikuwa idadi moja, unene wa waya kwenye sehemu zilizosalimika ulikuwa mmoja. Balbu zilikuwa na alama ileile ya kiwanda. Hakuna kilichobadilishwa.

Kisha Mbinya akazipanga betri mezani, upande uliopauka ukiwa juu.

Hakuhitaji kueleza. Mama mmoja muuza ndengu alisogea, akainama, akacheka hadi akashika kiuno. "Haya yamelala kwa mabati," akasema. "Hata yangu yako hivi, upande mmoja bibi arusi, upande mwingine ajuza." Soko zima likacheka, kwa sababu kila mtu alikuwa na bibi arusi huyo nyumbani kwake.

Meneja hakucheka. Alitaka kujua ni nani aliyezianika. Urbanus alikuwa amesimama kando ya gari, mkono juu ya mlango, akiwa amekauka kama mti.

"Aliyezianika alifundishwa na mimi," Mbinya akasema. "Nimefundisha hivyo kila mtu aliyekuja hapa, na wako wengi. Kwa tochi zetu za bati haikuonekana kama ni hasara. Kwa hizi ni sumu, na mimi sikufikiria. Kosa hilo ni langu, niandikieni. Lakini sikuiba kitu."

Meneja akarudia swali lake, kwa ukali zaidi. Hapo Mburu akauliza, kwa upole wa mtu anayeuliza bei, kwa nini mtu mwenye betri mpya aanike za zamani. Meneja akasema betri mpya zilikuwa zimehifadhiwa sandukuni kwa ajili ya msimu wa wageni wengi. Alipomaliza kusema ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Wote waliokuwapo wakamtazama, na swali la nani hakuliuliza tena.

Mwangangi aliamua kwamba kukosea si kuiba na kwamba Mama Kamanthe arudi mahali pake, basi mambo yaishe. Lile neno la Novemba hakulifuta. Lilikuwa limetamkwa kwa sauti ya kufika kwenye nyanya. Liliondolewa kwa kukohoa. Nilitarajia, na bado natarajia, kwamba mtu fulani katika kamati ile angesimama kusema: tulimkosea mwanamke huyu. Hakusimama mtu.

Mbinya hakungoja. Mwezi wa Februari alifanya jambo ambalo lilimchosha kuliko ukarabati wowote: alikwenda mlango kwa mlango, na kwa kila mteja aliyeketi mezani pake alisema wazi kwamba ule wosia wake wa mabati waufute. Wengi walimkatalia. Walisema mawe yao huamka vizuri, na kwamba mama ameanza kutishwa na watu wa Nairobi. Wengine walimwambia kwa kejeli kwamba fundi anayekana maneno yake anaweza kukana na tochi ya mtu. Kwa karibu mwaka mmoja kazi ilikuwa nusu ya zamani. Wanza alirudi mwezi wa Mei, akaweka tochi yake mezani bila maelezo, na bila kuambiwa akaingiza uso wake kiondoni, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kama taa inawaka.

Jambo moja tu Mbinya aliliomba kwa kamati: jina lake liandikwe daftarini. Aliambiwa safu ya mafundi ni ya wanaume, na kwamba akitaka kuandikwa iko nafasi upande wa mboga. Aliomba mwaka 1999, akaomba mwaka 2000, akaomba tena miaka miwili iliyofuata, kila mara kwa barua, kila mara akijibiwa kwa mdomo. Mwaka 2003 wenye meza walichagua kamati mpya, na barua zote nne zikakutwa katika mtoto wa meza, hazijafunguliwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi 2003, jina la Bartholomew lilipigwa mstari katika daftari la wenye meza wa Tala, na chini yake pakaandikwa: Mbinya Nzau, fundi wa tochi, meza ya kumi na moja.